Sura ya Nane: Aliyemfunga Marehemu Kidevu

"Shikamoo, bibi," alisema Inspekta Yeremia.

"Marahaba," Joha alijibu. "Walau wewe unasalimia kwa mdomo. Wajukuu zangu wa kule kijijini walinisalimia kwa petroli."

Alikuwa amekaa sakafuni mwa mahabusu ya Kilosa, ameegemea ukuta, miguu kainyoosha mbele. Nyayo zote mbili zilikuwa zimefungwa bandeji, na harufu ya nyama iliyoungua ilikuwa haijatoka. Umri wake ulikuwa miaka sabini na ushei, mganga wa mitishamba wa kitongoji kimoja nje ya Ulaya, kata ya hapo hapo Kilosa. Jumanne asubuhi alikwenda kuchimba mizizi, akamkuta mwanamke mgeni amekufa pembezoni mwa shamba la mahindi, akarudi mbio kuita watu. Watu walipofika na kuona jinsi maiti ilivyolazwa, hawakuuliza mara mbili. Kidevu kimefungwa kitambaa. Vidole gumba vya miguu vimefungwa pamoja. Macho yamefumbwa, mikono imewekwa juu ya kifua. Hiyo ni kafara, walisema, na mwenye kafara ni mganga. Jioni ile ile wakaichoma nyumba ya Joha, naye akiwa ndani.

Sasa ilikuwa Ijumaa. Mkubwa wa Yeremia hakuzunguka maneno. "Kesho saa mbili asubuhi gari la mahabusu linakwenda Morogoro," alimwambia. "Kama una mtu mwingine, mlete kabla ya hapo. Kama huna, bibi anapanda." Kesi ya mauaji haina dhamana, na kwa nyayo zile Joha asingeifikia hukumu. Asingefika hata masika.

Yeremia akachuchumaa mbele yake, akamwonyesha picha kwenye simu.

"Bibi, sahau kwamba unashtakiwa. Umeosha maiti maisha yako yote. Kagua hii kazi kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake."

Joha akaisogeza simu mbali na macho, akakunja uso.

"Kwanza, kalazwa chali. Mimi Mwislamu. Ningemlaza ubavu wa kulia, uso kibla. Hata kama ningemuua mimi mwenyewe, mkono ungenipeleka kibla wenyewe. Pili, hii mikono. Imepishanishwa kifuani. Sisi tunainyoosha ubavuni. Huyu kalazwa na Mkristo. Mtoto wa madrasa angekwambia, lakini nyie mna vyeti."

Koplo Aneth, aliyekuwa mlangoni na daftari, alicheka kwa pua. Yeremia hakugeuka.

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke. Mwanamume vidole angevifunga kama anafunga mbuzi wa kuuza."

"Na kitambaa cha kidevu?"

Joha alikuza picha kwa vidole viwili, kwa uhodari ambao Yeremia hakuutegemea.

"Hapa ndipo niliposhangaa hata siku ile. Sisi huku chini tunapitisha mara moja, fundo linakaa utosini, basi. Huyu kapitisha mara mbili, kakipishanisha chini ya kidevu, kaja kufunga nyuma ya sikio la kushoto, ncha kaifutika ndani. Anaogopa nini? Maiti haiendi kwenye ngoma."

"Daktari kakuta sumu ya wadudu tumboni," alisema Yeremia. "Imechanganywa kwenye uji wa ulezi. Uji una pilipili manga nyingi kupita kiasi."

"Pilipili manga?"

"Ya kuficha harufu, nadhani."

"Unadhani." Joha alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyevaa shati kinyume. "Una watoto wangapi?"

"Watatu."

"Mkeo alipojifungua, alikunywa nini siku arobaini?"

Jibu lilimfika Yeremia kabla swali halijaisha.

"Uji wa pilipili manga ni wa mzazi," Joha alisema. "Nani mwingine anaunywa, tena njiani, na jua hili? Huo uji ulitoka kwenye chupa ya mzazi. Mtafute mtoto mchanga, baba. Alipo mtoto mchanga, mwuaji wako alikuwa hapo."

Yeremia akasimama.

"Nikikuachia leo, bibi, utakwenda wapi?"

"Niende wapi? Nyumba yangu umeiona." Akageuza uso ukutani. "Funga mlango, upepo unaniuma nyayo."

*

Nje, Yeremia alipanga alichonacho. Marehemu alikuwa Agatha Mukandoli, Mnyarwanda, miaka thelathini na tisa. Hayo yalitoka kwenye pasipoti iliyobaki gesti Mikumi, alikolala siku tatu akizunguka migahawa ya kando ya lami na picha moja ya zamani, akiuliza watu. Jumatatu mchana dereva wa bodaboda aitwaye Valentino aliwabeba mshikaki, yeye na mama mmoja mtu mzima, kutoka Mikumi hadi Ulaya. Mama alikuwa na kikapu chenye chupa ya chai, na khanga ameizungushia kichwa na uso. "Mama wa ushungi," Valentino aliandikisha, na neno hilo moja ndilo lililomzamisha Joha. Hakuna aliyejiuliza kwamba barabara ile ni vumbi tupu, na kila mwanamke anayepanda bodaboda anajifunika hivyo, awe wa msikitini au wa kanisani.

"Aneth, wewe Mwanglikana. Umoja wa Akina Mama wenu, wale wanaolaza maiti, wanakutana lini?"

"Leo, afande. Saa tano."

Waliwakuta akina mama watatu wakifagia kanisa, wakingoja wenzao. Yeremia alikata picha ikabaki kidevu na kitambaa tu. Wawili walitikisa kichwa. Wao hufunga utosini kama watu wengine. Wa tatu, Costancia, muuza dagaa sokoni, aliichukua simu akatabasamu.

"Hii ya kwetu. Mamboya hii."

"Una hakika?"

"Kule ni milima, baba. Marehemu anabebwa kwa machela, njia inapanda na kushuka, anatikiswa saa nzima. Ukipitisha mara moja kitambaa kinateleza, kinywa kinafunguka mbele ya wafiwa. Ni aibu. Ndiyo maana tunapitisha mara mbili. Fundo linakwenda nyuma ya sikio ili leso ya kichwa ikae sawa."

"Nani aliwafundisha?"

"Mama Goodhope. Vaileth. Hakuna mwanamke aliyezikwa upande ule miaka ishirini hii ambaye hakupita mikononi mwake. Kwani amefiwa?"

"Huyo Goodhope anaishi wapi?"

"Kaolewa Mikumi, ana mgahawa pale kwenye lami. Kajifungua wiki ya tatu sasa. Mama yake alikwenda kumlea."

Aneth hakusubiri kuambiwa. Alipata namba kwa Costancia, akapiga, akaiweka sauti nje. Alijitambulisha kama dada wa Umoja kutoka Kilosa, akatoa hongera ya mtoto, akaulizia bibi wa mtoto.

"Mama aliondoka Jumatatu," sauti ya Goodhope ilisema, ya mtu asiyelala vizuri. "Ghafla tu. Alitoka mgahawani akaja mbio nyumbani, akasema baba anaumwa. Dada, hata uji wangu kaondoka nao, na chupa yenyewe mpaka leo sijaiona. Ukimwona mwambie mkwe wake anamdai chupa."

Aneth akakata simu. Hakucheka tena.

*

Walipita Rudewa na Msowero, wakaiacha lami Magubike, wakaanza kupanda kwenda Mamboya. Dereva alikuwa askari asiyependa maneno. Aneth alikuwa amepakata bahasha ya vielelezo: picha ya zamani, na barua kurasa mbili iliyokutwa ndani ya Biblia ya marehemu.

Katika picha alikuwapo kijana mrefu mbele ya nyumba ya udongo, mkono mmoja juu ya mlango wa ghala. Nyuma yake pameandikwa kwa kalamu: Eliya, 1993. Barua ilikuwa ya Kinyarwanda. Yeremia aliipiga picha tangu Jumatano akamtumia askari mwenzake wa Rusumo, mpakani, aitafsiri. Jibu lilikuwa halijaja.

"Miaka thelathini anamtafuta mtu mmoja," alisema Aneth. "Afande, nani anamtafuta mtu miaka thelathini kwa heri?"

"Anayedai damu."

"Ndivyo walivyofikiri wote gesti. Walisema mwaka wa mauaji ya Rwanda, tisini na nne, alikuwa mtoto, ndugu zake wameuawa, kaja kumkamata mwuaji wao."

"Mume wa Vaileth ni nani?"

"Nimeuliza. Mzee Elia. Mha wa Kigoma, wanasema. Alikuja tisini na tano."

Yeremia aliitazama simu yake. Mtandao ulikuwa umeshakatika.

Nyumba ilikuwa chini kidogo ya kanisa la zamani la misheni, ya matofali ya kuchoma, bati jekundu. Kwenye kamba uani zilianikwa khanga mbili za kijani. Moja ilikuwa na pindo lake lote. Nyingine pindo la chini halikuwapo, na mahali pake palikunjwa pakashonwa kwa mkono, uzi mweupe bado mpya. Aneth alimgusa Yeremia kiwiko. Kitambaa cha kidevu kilikuwa cha kijani. Mwuaji mwingine angeichoma ile khanga. Huyu aliona ni nzima bado, akaipinda.

Mzee Elia alikuwa kibarazani akipukuchua maharage kwenye ungo. Mvi kichwa kizima, lakini urefu ulikuwa ule ule wa kwenye picha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni, karibuni. Mama Goodhope! Wageni!"

"Wakae, nakuja," sauti ilijibu kutoka jikoni.

Yeremia hakukaa. Aliiweka picha juu ya maharage.

Mkono wa mzee ulisimama. Aliitazama picha bila kuigusa, kama mtu asiyejua nyoka aliye mbele yake amelala au yuko macho.

"Mmeipata wapi?"

"Kwa mwanamke anaitwa Agatha."

"Agatha." Alilitamka jina kwa lafudhi ambayo si ya Kigoma. "Agatha mdogo? Yuko wapi?"

"Mochwari."

Elia hakuuliza amekufaje. Aligeuza shingo akautazama mlango wa jikoni, akautazama muda wa kutosha mtu kuhesabu hadi tano. Kisha akausukuma ungo pembeni.

"Nimemuua mimi," alisema.

"Vizuri. Koplo, andika. Umemuua kwa nini?"

"Alikuja kunikamata. Mimi si Mha. Ni Mnyarwanda. Mwaka tisini na nne niliua mwanamke, uani kwangu, kwa panga. Huyu ni binti yake."

"Na binti umemuua kwa kitu gani? Kwa panga pia?"

"Kwa panga."

"Maiti haina hata mchubuko, mzee."

"Nilimkaba. Nimechanganya. Uzee."

"Ya Jumatatu umeisahau, ya mwaka tisini na nne unaikumbuka."

"Ile haisahauliki."

"Ukishamkaba ukafanyaje?"

"Nikamtupa porini. Nikaja zangu."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Vaileth alikuwa mfupi, mnene wa mikono, miaka hamsini na tano hivi, na sinia la vikombe vya chai. Aliwatazama wageni, akaiona picha kwenye ungo, na sinia halikutikisika hata kidogo. Yeremia alijua kwamba mtu wa namna hii ukimwuliza atakana, na ukimtisha atakaza. Akachagua njia nyingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni chai."

"Mumeo ameshatueleza. Anasema alimtupa mwanamke porini, na mimi namwamini, maana nilikwenda mwenyewe. Sijaona maiti imetupwa vile. Kama mbwa. Kinywa wazi kabisa, nzi wameingia mpaka kooni. Siafu wameanza na ulimi. Miguu mmoja huku mmoja kule, sketi imepanda kiunoni. Watoto wa shule wamepita wamemwona hivyo hivyo, wakamcheka."

Ilikuwa uongo mtupu, mwanzo hadi mwisho. Kalamu ya Aneth ilisimama juu ya karatasi.

"Kinywa wazi?" aliuliza Vaileth.

"Wazi."

"Haiwezekani."

"Mama Goodhope," alisema mzee, "rudi jikoni."

"Kwa nini isiwezekane, mama?" Yeremia aliuliza, taratibu, kama anayeuliza njia.

"Kitambaa hakiwezi kufunguka. Nilipitisha mara mbili."

"Vaileth!"

Ilielekea mzee hakuwa amemwita mkewe kwa jina mbele za watu kwa miaka mingi, kwa jinsi mama alivyoshtuka. Vikombe vikagongana. Ndipo mama akasikia alichokisema mwenyewe. Aliinama, akaliweka sinia juu ya kigoda bila kumwaga tone, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Kwa hiyo kinywa kilikuwa kimefungwa," alisema.

"Kilikuwa kimefungwa. Hajaguswa na nzi."

"Afadhali."

Yeremia akamsomea onyo la kisheria: si lazima aseme neno, na atakalosema litaandikwa. Vaileth aliitikia kwa kichwa kama anayesikiliza matangazo ya kanisani, kisha akasema yote, akiwa amesimama.

"Mwaka tisini na tano nilimkuta huyu kwenye migomba ya baba yangu. Ana homa, nyayo zimepasuka. Nilimlisha siku tisa kabla sijamwambia mtu. Niliwaambia watu ni Mha. Uhamiaji wamekuja mara mbili hapa. Mara ya kwanza niliapa kwa Biblia. Mara ya pili niliapa na Goodhope mgongoni. Sikuwahi kumwuliza alifanya nini. Aliniambia neno moja tu: siku akija mtu wa kwetu akalitaja jina langu, siku hiyo nimekwisha. Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo."

"Jumatatu?"

"Nilikwenda mgahawani kwa binti yangu kuchukua sukari. Nikamkuta mwanamke kaweka picha mezani. Mume wangu huyo, kijana. Nikamwonyesha kwa mikono kwamba namjua, asubiri nimpeleke. Nikarudi nyumbani. Chupa ya uji ilikuwa tayari, na dawa ya bustani ya mkwe ilikuwa juu ya kabati."

"Mlizungumza nini njiani?"

"Kiswahili hajui. Alikuwa analia. Alinishika mkono, hataki kuuachia. Nikasema haya ndiyo machozi ya mtu anayedai damu yake. Neno alilokuwa nalo ni asante. Kila mara, asante, asante. Nilidhani ni kwa sababu nampeleka. Pale Ulaya nilimwashiria tukae kivulini, kana kwamba tunangoja gari la Kilosa. Nikammiminia uji."

"Ulimwangalia akifa."

"Sikumwacha peke yake." Alisema hivyo kama mtu anayejitetea juu ya kazi iliyolaumiwa. "Alipokata roho nilitaka kuondoka. Mikono ikakataa. Nimelaza wanawake wa milima hii yote. Nitamwachaje yule na kinywa wazi? Nikachana pindo la khanga."

Mzee alikuwa ameufunika uso kwa viganja.

Yeremia alichukua barua kwa Aneth akaiweka mapajani mwa mzee. "Mfasiri wangu hajajibu, na hapa juu hakuna mtandao. Wewe lugha ni yako. Soma."

Elia alisoma kimya. Ukurasa wa kwanza aliusoma haraka. Wa pili alifika katikati, akarudi juu, akashuka tena. Alipomaliza aliikunja mara mbili, sawasawa, kwenye mikunjo ile ile aliyoikunja Agatha.

"Anasemaje?" Vaileth aliuliza.

Mzee aliirudisha barua kwa Yeremia.

"Anasema alinichungulia kwenye ufa nilipomuua mama yake. Anasema amenitafuta miaka thelathini. Amekuja na watu wake, wanipeleke nikafie jela." Akainua macho kwa mkewe. "Ulifanya sawa, mama. Umeniokoa mara ya pili."

Vaileth akashusha pumzi ndefu, akanyoosha mikono yake mbele. Aneth akamfunga pingu, akaingia jikoni, akatoka na chupa ya chai ya maua mekundu kwenye mfuko wa plastiki.

Kwenye gari, Elia alimvuta Yeremia kwa mkono wa shati, nyuma ya tairi la akiba ambako mkewe hawezi kuona.

"Inspekta. Tafsiri yako ikija, mwachie mke wangu hii niliyosema mimi."

"Umenidanganya, mzee."

"Mimi nitanyongwa mara ngapi? Nichukue, nifunge, andika lolote unalotaka. Lakini yeye mwachie hii. Hana kitu kingine cha kwenda nacho."

"Uhamiaji watakuja kesho. Usiende mbali."

"Niende wapi?" alisema mzee.

Yeremia akafunga mlango.

*

Walishuka kimya hadi karibu na Magubike, ambako simu zote zililia kwa pamoja. Aneth alipiga Kilosa kwanza. Bibi asipande gari, mwuaji amepatikana. Sauti ya mkubwa ilisikika mpaka kiti cha mbele. "Basi mfungulie. Lakini nani atamchukua? Kijijini kwake wamesema akirudi wanamalizia."

Yeremia alifungua ujumbe wa Rusumo. Aliusoma mara moja, akausoma tena, kisha akaizima simu akaitia mfukoni. Barabara ilikuwa inapita kati ya mashamba ya alizeti. Alikaa akiyatazama.

"Imekuja?" Vaileth aliuliza kutoka nyuma. "Inasema alivyosema mume wangu?"

Yeremia aliweka kiganja juu ya mfuko wenye simu.

"Mimi sina wasiwasi," alisema Vaileth. Sasa alikuwa ametulia, hata sauti ilikuwa na nguvu. "Wakininyonga, waninyonge. Nimemtunza mume wangu, na aliyekuja kumla nimemtangulia. Mungu aliona. Hata nilipozisikia habari za yule mganga wenu wa Ulaya, kwamba wamemchoma na nyumba yake, nilipiga magoti pale pale nikamshukuru Mungu. Nikasema, Bwana, umenipa mwanakondoo wa kunisitiri."

"Simamisha gari," alisema Yeremia.

Dereva akasimamisha. Yeremia akageuka kitini, mpaka uso wake ukawa sawa na wa yule mama.

"Yule mganga anaitwa Joha. Nyayo zake zimeungua mpaka mfupa. Ndiye aliyeusoma mkono wako kwenye picha. Nataka ulijue jina lake. Sasa sikiliza tafsiri."

"Afande," alisema Aneth kwa sauti ya chini, "mzee alituomba."

"Nilimsikia mzee."

Akaiwasha simu, akasoma kwa sauti ile ile anayosomea maelezo ya mashahidi mahakamani, bila kupanda wala kushuka.

"'Eliya. Mimi ni Agatha, yule mdogo kuliko wote kati ya saba uliotuficha shimoni chini ya ghala lako la maharage. Siku walipomkamata mama uani kwako, wakakupa panga wakasema kama huna watu ndani mmalize huyu, mimi nilikuwa nachungulia kwenye ufa. Nilimsikia mama alivyokwambia. Alisema, nimalize mimi, usifungue mlango. Nilikuona ukitapika baada yake. Wanasema ulikimbia kwa sababu unaamini wewe ni mwuaji. Nimekutafuta miaka thelathini nije nikwambie nilichokisikia, maana hakuna shahidi mwingine. Wote saba tuko hai. Tuna watoto, wengine wamepewa jina lako. Sikuja na mtu, sidai kitu. Siku zile ulikuwa unatupitishia viazi gizani, nakijua kiganja chako tu. Nataka nikae kwako siku moja, nile chakula cha nyumbani kwako, tukitazamana usoni.'"

Alimaliza. Injini ilikuwa imezimwa, na alizeti zilikuwa zinasuguana kwa upepo.

"Rudia," alisema Vaileth.

"Umesikia."

"Alikuwa anasema asante."

"Njia nzima, umesema mwenyewe."

Yeremia akageuka mbele, akamwashiria dereva. Gari likaondoka. Kwenye kioo alimwona Vaileth. Hakulia, wala hakumtaja Mungu. Aliinua mikono yote miwili, maana pingu hazikumruhusu kuinua mmoja, akakishika kidevu chake kutoka chini, akakibana juu kwa nguvu, kama anavyobanwa marehemu kabla kitambaa hakijapatikana. Walipoingia Kilosa bado alikuwa amekibana.